Uzi wa ishirini na moja

Koto ya kawaida, ala ya jadi ya Kijapani, ina nyuzi 13. Ni ubao mrefu wa mti uitwao kiri, karibu sentimita 180, uliokombwa ndani ukabaki mtupu kama mtumbwi uliofunikwa, na kila uzi umepanda juu ya kidaraja chake chenye miguu miwili. Kidaraja hakina gundi wala msumari. Ukikisogeza huku sauti inapanda, ukikirudisha kule inashuka. Ndiyo maana katikati ya wimbo unaweza kumwona mpigaji mkono wake wa kulia ukidonoa nyuzi kwa kucha za bandia, zilizovikwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, huku wa kushoto ukinyemelea kidaraja kimoja na kukisukuma kwa upana wa kidole tu. Hapo wimbo umeshahama. Kidaraja kikiteleza kikaanguka, ukumbi mzima unasikia.

Sasa tazama sauti zenyewe. Mpangilio unaojulikana kuliko yote unaitwa hirajōshi. Tukiuanzisha kwenye re, nyuzi zinatoa re, so, la, ti iliyoshushwa nusu, na mi iliyoshushwa nusu. Kisha zinajirudia juu hadi nyuzi ziishe. Sauti tano basi. Do haimo, fa haimo. Ukiitaka do, unaubonyeza uzi wa ti upande wa kushoto wa kidaraja ili ukazike upande kwa sauti nzima. Inawezekana, tena inapendeza, kwa sababu sauti iliyobonyezwa ina mkunjo ambao uzi ulio wazi hauna. Lakini kumi kwa mfululizo, kwa mwendo wa kasi, vidole vinauma na sauti zinapishana kimo.

Mwaka 1964, jijini Tokyo, watunzi na wapigaji walianzisha kikundi kilichohitaji do, na fa, na zote zilizobaki. Kikundi kiliitwa Nihon Ongaku Shūdan, na nje ya Japani kikajulikana kama Pro Musica Nipponia. Kisa ninachokichambua hapa ni chake, na hasa jambo moja lililotokea miaka mitano baadaye, pale koto ilipoongezewa nyuzi. Wengi husimulia habari hii kama ndoa ya mila na usasa. Mimi naiona kama mlolongo wa matatizo ya fundi: karatasi, pumzi, ngozi, nyuzi. Kila tatizo lilitatuliwa, na kila suluhisho lilidai malipo yake.

Watu ambao hawakuwahi kukaa meza moja

Mwaka 1964 ndio mwaka wa Olimpiki ya Tokyo, na treni ya mwendo kasi ya kwenda Osaka ilianza safari tarehe 1 Oktoba, siku chache kabla ya mashindano. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Minoru Miki, mzaliwa wa Tokushima mwaka 1930, aliyesomea utunzi chuoni Tokyo kwa njia ya Kizungu. Mwenzake katika kazi ya kuandika alikuwa Katsutoshi Nagasawa. Jina walilojipa linastahili kutazamwa mara mbili. Hawakusema sisi ni wa koto wala sisi ni wa filimbi ya shakuhachi. Walisema: kikundi cha muziki wa Japani. Kwa masikio ya wazee wa fani hayo yalikuwa madai makubwa, maana kitu hicho kimoja kiitwacho muziki wa Japani hakikuwapo. Zilikuwapo nyumba, kila nyumba na mlango wake.

Shakuhachi, filimbi ya mwanzi yenye matundu matano, ilikuwa ya watawa wa Fuke waliozunguka na kapu kichwani, hadi serikali ilipoivunja madhehebu yao mwaka 1871. Biwa, ala ya nyuzi inayofanana na udi wa taarab, ilikuwa ya vipofu waliosimulia vita vya koo za kale. Shamisen, yenye nyuzi tatu na ngozi ya paka au mbwa, ilikuwa ya kumbi za michezo na mitaa ya starehe. Muziki wa ikulu ulikaa ikulu. Ndani ya kila nyumba kulikuwa na vyumba tena: hata wapigaji wa koto wamegawanyika, wa Ikuta wana kucha zenye ncha ya mraba na hukaa upande, wa Yamada wana kucha zenye ncha ya mviringo na hukaa wameielekea ala. Juu ya kila tawi yupo mkuu wa nyumba, iemoto, anayetoa ruhusa ya kufundisha na hata jina la kisanii. Kwenda kupiga na mtu wa nyumba nyingine, kwa utaratibu usio wa nyumba yako, halikuwa jambo la kuulizia njiani.

Kweli, koto, shamisen na shakuhachi zilikuwa zimezoea kupigwa pamoja katika muziki wa sebuleni uitwao sankyoku. Lakini hapo zote tatu hufuata wimbo uleule, kila moja ikiupamba kwa namna yake, kama wazee watatu wanaosimulia habari moja wakidakizana. Mtunzi aliyetoka chuoni na kalamu yake anataka kingine: huyu aseme hili, yule aseme lile, wakutane hapa.

Na shule hazikusaidia. Tangu miaka ya 1880 serikali ilijenga somo la muziki juu ya piano na nyimbo za Kizungu, kwa hiyo mtoto wa Tokyo alikua akiijua do-re-mi kabla ya kuigusa koto. Wapigaji wa ala za jadi walijifunzia nyumbani kwa walimu, na wanafunzi wa utunzi walijifunza Beethoven. Watu wa mji mmoja, hawasomi karatasi moja.

Karatasi

Hili la karatasi si mfano wa maneno tu. Nota za koto ni namba: uzi wa saba, uzi wa nane, na tatu za mwisho zina majina yake, tō, i, kin. Namba haikuambii sauti, inakuambia mahali pa kudonoa. Sauti itategemea vidaraja umevipanga vipi. Nota za shakuhachi ni silabi: ro, tsu, re, chi, kisha ri kwa watu wa Kinko na ha kwa watu wa Tozan. Tundu ni lilelile, nyumba mbili haziliiti jina moja. Shamisen nayo ina mwandiko wake. Mkiweka karatasi hizi juu ya meza, hakuna anayeweza kuona mwenzake anafanya nini.

Suluhisho lilikuwa mistari mitano ya Kizungu. Njia ilikuwa imeshafyekwa kiasi: tangu 1955 shirika la utangazaji NHK lilikuwa likiwafundisha vijana wa ala za jadi kusoma nota za aina hiyo, na wengi waliokuja kupiga tungo mpya walipitia huko. Kwa hiyo kikundi hakikuanzia sifuri. Malipo? Mwandiko wa namba ulimfundisha mpigaji tendo la mkono. Mistari mitano inamfundisha matokeo tu, mkono ajitafutie. Kwa mtunzi asiyejua koto ni mtego, kwa sababu karatasi inapokea chochote. Unaandika sauti nne kwa wakati mmoja, nzuri kabisa machoni, na mpigaji anakutazama tu: mbili kati ya hizo zinahitaji uzi uleule.

Filimbi inayonong'ona

Kati ya ala zote, shakuhachi ndiyo ninayoipenda zaidi kwa ukaidi wake, basi nitakaa hapa kidogo. Jina lake ni kipimo: shaku moja na sun nane, yaani sentimita 54.5. Matundu manne mbele, moja nyuma. Ukiyafungua moja baada ya jingine unapata re, fa, so, la, do. Nyingine zote unazitafuta kwa kufunika nusu ya tundu na kwa shingo: ukiinamisha kidevu sauti inashuka, na tendo hilo linaitwa meri, ukiinua inapanda, ndiyo kari.

Hapa ndipo mtunzi mgeni anapoanguka. Sauti ya meri haishuki kimo tu. Inafifia, inakuwa na ukungu, kama mtu anayesema nyuma ya pazia. Mi iliyoshushwa nusu ni ya aina hiyo. Katika tungo za watawa ukungu huo ndio roho ya jambo. Re iliyo wazi na mi ya meri ni kama watu wawili tofauti. Sasa mtunzi anaandika sentensi ya kishujaa inayofika kileleni hasa kwenye mi hiyo, na juu yake anaweka alama ya "kwa nguvu". Mpigaji anapuliza hadi mishipa inamtoka, kilele kinatoka kama mnong'ono, na shamisen ya jirani inaumeza wote.

Kuna njia za kupita. Kuna shakuhachi fupi na ndefu, kila moja na sauti zake za wazi, kwa hiyo unabadilisha filimbi katikati. Kuna za matundu saba. Wachongaji wa kisasa hujaza tope maalumu ndani ya mwanzi na kuurekebisha ili ulingane na ala nyingine, wakati filimbi za zamani zililingana na zenyewe tu. Lakini ukisikiliza tungo za Nihon Ongaku Shūdan zinazosimama vizuri, utagundua kwamba mtunzi amechagua njia rahisi kuliko zote: amekiweka kilele mahali ambapo filimbi inapiga kelele kwa hiari yake, na mnong'ono ameuweka mahali pa kunong'ona.

Shamisen ina lake. Uzi wake mnene huachwa uguse kidogo ubao wa shingo ili utoe mvumo wa nyuki uitwao sawari, na mvumo huo huamka pia nyuzi nyingine zinapogonga sauti zinazoafikiana nao. Mtunzi akihama kwenda sauti za mbali, nyuki wanalala, ala inabaki kavu. Haijaharibika. Imenyimwa tu kitu kinachoifanya iwe yenyewe.

Suala la nani aongoze nalipita haraka. Kwa desturi hakuna anayesimama mbele na kijiti, wapigaji hufuatana kwa pumzi na kwa miito, "yo!", "ho!", na nafasi ya ukimya kati ya pigo na pigo huitwa ma. Tungo kubwa za kikundi ziliwekewa mwongozaji. Ilibidi.

1969

Turudi kwenye do.

Kuongeza nyuzi za koto halikuwa wazo jipya. Michio Miyagi, mpigaji kipofu aliyekufa mwaka 1956 kwa kuanguka kutoka kwenye treni, alikuwa ametengeneza koto ya besi ya nyuzi 17 mwaka 1921. Hiyo ilishika, ilijaza shimo la sauti za chini ambalo muziki wa pamoja ulikuwa nalo, na hadi leo vikundi vingi vya ala hizi vinaitumia. Mwaka 1929 akaenda mbali zaidi, akaleta koto ya nyuzi 80. Hiyo haikushika. Ilikuwa pandikizi la kitu, na mabomu ya vita yaliimaliza. Miyagi aliyefaulu na Miyagi aliyeshindwa ni mtu yuleyule, na tofauti kati ya majaribio yake mawili inanisaidia kuielewa 1969: ala ya nyuzi 17 ilikuwa na kazi iliyokuwa ikiisubiri, ile ya 80 ilibidi itafutiwe.

Mwaka 1969 Miki na mpigaji wa kikundi, Keiko Nosaka, walitoa koto ya nyuzi 20. Hesabu yake ni rahisi. Ukipanga ngazi ya sauti saba kwenye nyuzi 13, hufikishi hata oktavu mbili kamili. Ukiwa na 21, kila sauti ya ngazi unaipata mara tatu. Ishirini ilikuwa pungufu ya moja, na baada ya muda uzi huo uliongezwa upande wa chini. Jina halikubadilishwa. Ala ya nyuzi 21 inaitwa nijūgen hadi leo, yaani "nyuzi ishirini", na hakuna anayeona ajabu.

Mwaka huohuo Miki aliandika Tennyo, utungo wa koto hiyo peke yake. Ni uamuzi wa busara kuliko unavyoonekana. Ala mpya isiyo na tungo ni samani. Angeweza kuificha ndani ya kikundi, ijaze mapengo, iitwe inapohitajika; badala yake aliipandisha jukwaani peke yake, mbele ya watu wanaoijua koto, na mpigaji aliyeshiriki kuiunda akiwa ndiye wa kuitetea.

Na malipo yake? Ya kwanza ni mwili. Koto ya nyuzi 13 unaipigia umepiga magoti sakafuni. Hii pana, mara nyingi, inawekwa juu ya stendi na mpigaji anakaa kitini. Ya pili ni kubonyeza. Sauti ikishapatikana kwenye uzi ulio wazi, hakuna haja ya kuibonyeza kutoka kwenye uzi wa jirani, na ule mkunjo niliousema mwanzoni, ambao mzee wa nyumba ya Ikuta angekufundisha kwa miaka, unageuka kutoka kuwa njia ya lazima kuwa pambo la hiari. Sisemi ulipotea. Nosaka mwenyewe aliutumia sana. Lakini kitu ambacho zamani koto ilikulazimisha ukijue, sasa kinategemea kama mtunzi amekumbuka kukiomba. Ya tatu ni wepesi wenyewe. Nyuzi 21 zilizopangwa sawasawa zinaalika kuteleza kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mkono mmoja, na wapo watunzi ambao hawakuweza kujizuia. Ninazo rekodi ambazo baada ya mteleko wa tano natamani kidaraja kianguke.

Wakati huu masikio yetu ya pwani yana la kusema. Nagoya, mwaka 1912, Goro Morita alibuni kisanduku chenye nyuzi na vitufe kama vya taipureta, akakiita taishōgoto: koto ya enzi ya Taishō. Kilipata umaarufu, kikafika India, na mwishowe kikaingia taarab ya Mombasa, ambako kinaitwa tashkota. Waliosikiliza nyimbo za Zuhura Swaleh wanaujua mlio wake mkali unaokimbizana na sauti ya mwimbaji. Mombasa hakuna aliyeuliza tashkota ni ya nyumba gani. Ilibeba wimbo, ikasikika arusini, ikapewa nafasi. Nijūgen ilikuwa na mzigo mwingine kabisa, kwa sababu ilizaliwa mbele ya mama yake, na mama bado alikuwa hai na ana wanafunzi.

Njia nyingine, na Leipzig

Wakati kikundi kinahangaika kuzipatanisha ala, mtunzi Tōru Takemitsu alikwenda kinyume. New York Philharmonic ilimwagiza utungo wa kuadhimisha miaka 125 ya orkestra hiyo, naye akaleta November Steps, iliyopigwa mara ya kwanza Novemba 1967 chini ya Seiji Ozawa, na Kinshi Tsuruta kwenye biwa na Katsuya Yokoyama kwenye shakuhachi. Hakuzichanganya. Orkestra inasema yake na kunyamaza. Biwa na shakuhachi zinasema zao kwa muda mrefu, peke yao, bila kuombwa zilingane na yeyote. Utungo huo ukawa maarufu duniani kuliko chochote kilichotoka kwa Nihon Ongaku Shūdan, na si bure.

Ila Takemitsu alihitaji wapigaji wawili wa kipekee na usiku mmoja mkubwa. Kikundi kilihitaji kufanya kazi wiki baada ya wiki, na watu kumi na kadhaa, kwa tungo za watunzi wengi wenye vipaji visivyolingana. Ukitaka kuishi hivyo huwezi kukwepa kulinganisha sauti. Nadhani wanaowadharau kwa kutumia mistari mitano na mwongozaji hawajawahi kuendesha kikundi hata cha watu sita.

Miki naye aliufikia mlango wa orkestra, kwa njia yake. Alikuwa na mradi wa tungo tatu zilizofuata kanuni ya kale ya jo-ha-kyū: mwanzo wa polepole, mpasuko, kisha mbio. Jo mwaka 1969, Ha mwaka 1974 ambayo ni ya koto na orkestra, na Kyū mwaka 1981, iliyopewa pia jina la Simfoni ya Dunia Mbili. Hiyo ya mwisho ilipigwa Leipzig, Ujerumani Mashariki wakati huo, na orkestra ya Gewandhaus chini ya Kurt Masur, pamoja na Nihon Ongaku Shūdan wenyewe. Kundi zima la ala za Kijapani limekaa jukwaa moja na orkestra nzima ya Kizungu.

Hapo ndipo utaona faida ya miaka yote ile ya nota, filimbi zilizorekebishwa na nyuzi zilizoongezwa: bila hayo jioni ile isingewezekana hata kwa dakika moja. Na ndipo pia unapoona ukomo. Uzi wa koto ukishadonolewa unaanza kufa papo hapo, na fidla kumi na sita zinaweza kushikilia sauti hadi kesho. Miki alilijua hilo, ndiyo maana ala zake zinaingia kwa zamu na kwa mapigo, zikitafuta mianya. Ninapoisikiliza, sehemu zinazonishika ni zile ambazo Wajerumani wamenyamaza.

Nosaka hakuishia 21. Mwaka 1991 alitoa koto ya nyuzi 25, na hiyo nayo ikapata wapigaji na watunzi wake. Miki alifariki Desemba 2011, Nosaka 2019. Kikundi kinaendelea.

Mwaka 2002 mtaala mpya wa shule za kati za Japani ulianza kudai kila mwanafunzi aguse walau ala moja ya jadi ndani ya miaka yake mitatu. Shule nyingi zilichagua koto. Si ya 25 wala ya 21: ya 13, imelazwa sakafuni, na karatasi ya namba pembeni. Mtoto anahesabu moja, mbili, tatu hadi kumi, kisha inambidi asimame kidogo akumbuke: tō, i, kin.